Boma si kifupisho: uchambuzi wa kabrasha moja la waongoza watalii Arusha

Kisa chenyewe ni kidogo, na kiliisha bila mtu kupoteza kazi. Kijana mmoja mwongoza watalii alikuwa amesimama na wageni wake mbele ya Boma la Wajerumani, mwisho wa Barabara ya Boma hapa Arusha, jengo ambalo siku hizi ni Makumbusho ya Elimu Viumbe. Akawapa historia yake: Wajerumani walilijenga mwaka 1900, likawa ngome na ofisi yao. Kisha akatia kionjo alichofundishwa kazini. Neno "boma", akasema, ni herufi za mwanzo za maneno manne ya Kiingereza yanayotaja utawala wa Waingereza wa ng'ambo. Wenyeji walizisikia zikitamkwa kwa pamoja, wakadhani ni neno, nalo likawa neno. Mgeni mmoja, mama mtu mzima aliyestaafu ualimu wa historia, akauliza kwa upole: sasa Mjerumani wa mwaka 1900 aliipaje ofisi yake jina la kifupisho cha Mwingereza ambaye hajafika?

Kijana hakuwa na jibu. Alicheka, wageni wakacheka naye, gari likashika njia ya Karatu. Lakini yule mama aliporudi mjini aliandika kwenye fomu ya maoni kwamba ziara ilimfurahisha sana, ila kampuni iangalie waongozaji wake wanafundishwa nini kuhusu lugha. Bosi wa kampuni, ambaye sitamtaja, akaagiza kabrasha la mafunzo litolewe kwenye faili na kuletwa kwangu. Mimi hufundisha lugha na kufasiri. Ofisi za utalii hunitafuta zikitaka kibao ambacho hakitachekwa.

Kabrasha lilikuwa na kurasa mbili, kopi ya kopi ya kopi, wino umejaa kiasi kwamba "m" ya kwanza ya "mamba" ilikuwa imebaki doa. Kichwa chake kilitangaza kwamba haya ni maneno ambayo Kiingereza kimeyakopa Afrika. Kila mstari ulikuwa na neno la Kiingereza, mshale, na neno la Kiswahili. Hapakuwa na mwaka, wala mahali, wala jina la mtu aliyelisema au kuliandika. Kando ya mstari wa "jumbo" mtu aliwahi kuandika kwa kalamu ya buluu: "hapa wageni hucheka, usiharakishe."

Nilichokiona kwanza ni kwamba karatasi hiyo ilikuwa inajipinga yenyewe. Kichwa kinasema Kiingereza kimekopa kwetu, mstari wa kwanza kabisa unasema sisi ndio tuliokopa "boma" kwao. Imefundishia watu misimu mingapi na hakuna aliyeinua mkono? Hilo lilinishughulisha kuliko kosa lolote la neno moja moja.

Tatizo ni ule mshale. Unadai neno lilitoka hapa likaenda pale, basi. Nani alilibeba, lini, kwa njia gani, hausemi. Mwongozaji akiwa Tarangire hawezi kuwaambia wageni kwamba simba amepita hapa eti kwa kuwa nyasi zimelala. Ataomba dereva asimame, atainama dirishani, atatafuta unyayo, ataangalia kama kingo zake bado ni kali au upepo umeshazila, kisha atasema ulikoelekea. Kijana wetu anaifanya kazi hiyo vizuri sana. Hakuna aliyewahi kumwambia kwamba maneno nayo huacha nyayo.

Boma

Tuanze na hili, maana ndilo lililoleta kesi.

Unyayo wa kwanza ni tarehe. Henry Morton Stanley alivuka bara hili kutoka pwani ya mashariki kati ya mwaka 1874 na 1877, na katika kitabu chake cha mwaka 1878 anataja maboma mara kwa mara, kwa maana ya vijiji na kambi zilizozungushiwa miti au miiba. Anaandika Kiingereza, anatia "boma" ndani yake na kulipa wingi wa Kiingereza. Wakati huo Waingereza hawakuwa na utawala wowote bara, hata wa kuufupishia jina. Wajerumani walianza kujitwalia eneo hili miaka ya 1880. Waingereza waliiteka Arusha mwaka 1916, katikati ya Vita ya Kwanza ya Dunia. Neno limetangulia idara kwa karibu miaka arobaini. Hapo hata wakili wa kukodiwa angekunja faili.

Unyayo wa pili hauhitaji maktaba. Toka Arusha uende Moshi, na kabla hujafika utapita Bomang'ombe, makao makuu ya Wilaya ya Hai. Boma la ng'ombe. Hakuna afisa wa Kiingereza katika jina hilo, kuna zizi. Wanaoishi jirani na Wamaasai wanajua kwamba mtu akisema anakwenda bomani kwa fulani, anamaanisha nyumbani kwake, ndani ya uzio wake, na mifugo yake ikiwamo. Ofisi ya serikali ilipata jina hilo kwa sababu ilijengwa kwa ukuta na lango kama ngome. Mpaka leo wapo wazee wanaosema "nimeitwa bomani" wakimaanisha kwa mkuu wa wilaya, japo ofisi yenyewe haina ukuta wa kumzuia hata mbuzi.

Unyayo wa tatu upo katika tabia ya akronimu zenyewe. Kuunda neno kwa kuunganisha herufi za mwanzo ni mtindo wa karne ya 20. Ulishika kasi hasa wakati wa vita na baada yake. Neno "radar" ni la namna hiyo kweli, liliundwa mwaka 1940. Lakini ukiambiwa kwamba neno la zamani ni kifupisho, kaa macho. Waongozaji watakuwa wameshasikia kwamba "tip", ile tipu wanayoingojea mwisho wa safari, ni kifupisho cha maneno yaliyobandikwa kwenye sanduku la mkahawa wa London ili uhudumiwe haraka. Nalo si kweli. Mwanzoni mwa karne ya 17 wezi na wahuni wa Uingereza walikuwa wakilitumia neno hilo katika lugha yao ya kificho, kwa maana ya kupa au kupitisha kitu mkononi. Asili hii ni tamu kuliko ile ya sanduku, sema haifai kusimuliwa dakika chache kabla ya kupewa bahasha.

Halafu angalia neno linavyokaa katika Kiswahili: boma, maboma, boma la, maboma ya. Hili peke yake si ushahidi, kwa sababu hata maneno ya kukopa hujipanga hivyo, kama ilivyo kwa gari na magari. Nalitaja kwa sababu mzee aliyeandaa kabrasha alilitumia kunipinga, na alikuwa na haki. Ngeli haikuambii neno limetoka wapi. Kinachoamua ni tarehe na njia.

Jumbo, mamba na duma

Mistari hii mitatu ina ugonjwa mmoja: sauti zimefanana, basi mwandishi akaridhika.

Kabrasha lilisema "jumbo", kitu kikubwa kupita kiasi, limetoka kwenye "jambo" au "jumbe". Ilikuwaje? Tembo mmoja alipewa jina hilo na watu waliokuwa wamefika Afrika Mashariki, basi. Tembo huyo ni wa kweli. Alifikishwa kwenye bustani ya wanyama ya London mwaka 1865 akitokea Paris, mwaka 1882 akauzwa kwa mfanyabiashara wa sarakasi wa Marekani, P. T. Barnum, na mwaka 1885 akagongwa na treni katika mji wa St. Thomas, Ontario, nchini Kanada. Ndiye aliyelitangaza neno hilo hata likawa sifa ya kila kilicho kikubwa, hadi kwenye ndege. Ila alinaswa akiwa mdogo huko upande wa Sudan na Eritrea, mbali na waliokuwa wakiamkiana kwa "jambo". Na zaidi ya hapo, "jumbo" lilikuwa tayari limeandikwa katika Kiingereza mwaka 1823, likiwa jina la mitaani la mtu mnene asiyejimudu, zaidi ya miaka 30 kabla tembo huyo hajazaliwa. Huenda lilimeguka kutoka "mumbo jumbo", ambalo msafiri Francis Moore aliliandika mwaka 1738 akieleza mambo aliyoyaona Gambia. Gambia ni Afrika, sawa. Lakini haiko Pangani wala Bagamoyo.

"Mamba" ndilo lililonifanya niinue kalamu na kucheka peke yangu ofisini. Mshale unatoka kwa nyoka mweusi wa Kiingereza kuja kwa mamba wetu wa Kiswahili. Mamba wetu ana miguu minne na anakaa mtoni! Nyoka yule sisi tunamwita koboko. Kiingereza kilimpata "mamba" kutoka Kizulu, imamba, miaka ya 1860, wakati Waingereza wakiwa Natal. Hapa herufi zimelingana zote tano na bado undugu unaodaiwa haupo. Kama ningetakiwa kubaki na mfano mmoja tu wa kuwaonyesha waongozaji hatari ya mshale mtupu, ningebaki na huu, kwa sababu mwongozaji anayechanganya nyoka na mnyama wa mtoni mbele ya mgeni hatasalimika kwa kucheka.

Kuhusu "cheetah", kabrasha lilisema limetokana na "chui". Kwanza anayeitwa hivyo kwa Kiingereza ni duma, chui ni mwingine kabisa, na hakuna mwongozaji wa Serengeti asiyejua tofauti yao hata gizani. Pili, neno hilo ni la Kihindi, chita, lenye mzizi wa Kisanskriti unaohusu madoadoa. Waingereza walilizoea India, ambako wafalme walifuga duma wa kuwindia, kisha wakaja nalo huku wakamkuta mnyama yuleyule akikimbia nyikani.

Ndugu wasiozaana

Kundi hili ni gumu zaidi, na hapa mwandishi wa kabrasha hakuwa mbali na ukweli kama alivyokuwa kwa mamba.

Tazama "coffee" na kahawa, au "sugar" na sukari. Zimefanana si kwa bahati. Ni za damu moja, ila hakuna aliyemzaa mwenzake. Kahawa yetu ni qahwa ya Kiarabu iliyotua pwani. Qahwa hiyohiyo ilipanda kaskazini, Waturuki wakaiita kahve, ikaingia Ulaya kwa wafanyabiashara, Waholanzi wakiwa miongoni mwao, na karibu na mwaka 1600 ikaanza kuonekana katika maandishi ya Kiingereza. London ilipata mkahawa wake wa kwanza mwaka 1652. Mibuni ya Kilimanjaro ililetwa na wamisionari Wakatoliki mwishoni mwa karne ya 19, wakati ambapo neno lilikuwa limeshazoeleka ulimini mwa watu wa pwani kabla mche haujapandwa Kilema. Hivyo mwongozaji anayewapeleka wageni kwenye shamba la kahawa Moshi anaweza kuwaambia kwamba jina lao na jina letu yalitoka mlango mmoja, moja likashika njia ya Istanbul na jingine likashuka na majahazi. Hiyo ni kweli, na kwa maoni yangu inapendeza kuliko ule mshale.

Sukari imesafiri zaidi. Kisanskriti, Kiajemi, Kiarabu sukkar. Kutoka hapo tawi moja likaenda Italia na Ufaransa hadi Uingereza katika Zama za Kati, tawi jingine likaja kwetu moja kwa moja. Ukiyaona mashamba ya miwa ya TPC kusini mwa Moshi unaweza kulieleza hilo kwa sentensi mbili, ukaendelea na safari.

Na hapo tumefika kwenye "safari" lenyewe, fahari ya kila kampuni mjini hapa. Kabrasha lilisema ni neno la Kiswahili, na kijana aliniambia kuna mgeni aliyewahi kumbishia kwamba ni la Kiarabu, akanywea. Hakuwa na sababu ya kunywea. Mzizi ni wa Kiarabu, safar, hilo halina ubishi. Lakini Kiingereza hakikulitoa Uarabuni. Kililipata kwenye njia za misafara zilizotoka pwani yetu kwenda bara. Richard Burton, aliyeondoka pwani mwaka 1857 na kuliona Ziwa Tanganyika mwaka 1858, ni miongoni mwa wa kwanza kuliingiza katika maandishi ya Kiingereza. Wapagazi wake na viongozi wa misafara ndio waliolitamka kila asubuhi, na walilitamka kwa Kiswahili, likiwa na ile "i" ya mwisho ambayo Kiarabu hakina. Kwa hiyo Kiingereza kinadaiwa na Waarabu, kwa kuwa sisi nasi tulikopa kwao? Hapana, kinyume chake: aliyekikopesha ni Kiswahili, hata kama Kiswahili nacho kilikuwa kimekopa. Mtu aliyenunua gunia la mchele sokoni Kilombero, hapa Arusha, hawezi kudai kwamba muuzaji wake ni mkulima wa Mbeya.

Baada ya kulipokea, Waingereza wakaliminya. Kwanza likawa msafara wa kuwinda, baadaye matembezi ya kutazama wanyama ukiwa garini. Kwetu halikubadilika. Mtu anayepanda basi kwenda kuzika Rombo yuko safarini, na hana haja ya darubini.

La Afrika, lakini si letu

Mistari kadhaa ilikuwa na neno la Afrika kwa kweli, ila imelipeleka kwenye mlango wa nyumba nyingine. "Banana" liliingia Kiingereza mwishoni mwa karne ya 16 kupitia Wareno na Wahispania, na linatokana na lugha za pwani ya Afrika Magharibi. Uchagani kuna mshare, kuna kisukari, kuna ndizi ng'ombe, na hakuna hata mmoja unaokaribiana na "banana" hata ukiutafuna vipi. "Chimpanzee" limetoka kwenye lugha za Kibantu za upande wa Kongo na Angola, likaandikwa katika Kiingereza mwaka 1738. Sokwe wa Gombe wako kwetu, jina lao la Kiingereza lilipandia meli bahari nyingine. "Tsetse" ni la Kitswana. Sisi tuna mbung'o. "Impala" ni la Kizulu. Hapo kabrasha lilivutwa na swala pala wetu, na kwa kuwa lugha hizi mbili ni za ukoo mmoja wa Kibantu sikulikemea sana, nilirekebisha tu aliyelitoa.

"Zebra" ni kioja. Kila mtu anadhani ni la Afrika kwa sababu mnyama ni wa Afrika. Lakini Wareno na Wahispania wa Zama za Kati walikuwa na jina la namna hiyo kwa punda mwitu wa nchi zao wenyewe, mnyama ambaye baadaye alitoweka. Mabaharia wao walipomwona punda milia huku kusini wakampa jina walilokuwa nalo mdomoni. Kwa ufupi walifanya tulichofanya sisi: walisema ni punda. Sisi tukaongeza milia.

Lililonishangaza ni lile ambalo kabrasha halikuwa nalo. Kuna ugonjwa wa "dengue". Daktari James Christie, aliyefanya kazi Zanzibar karne ya 19, aliandika kwamba watu wa huko waliuita kidinga pepo, na wapo wataalamu wanaodhani jina hilo lilivuka hadi visiwa vya Karibi, likakutana na neno la Kihispania linalofanana nalo wakati wa mlipuko wa 1827 na 1828, na kutoka hapo likaingia Kiingereza. Sauti inakaribia, maana inakubali, miaka haigombani. Anayekosekana ni shahidi wa safari ya baharini, ndiyo maana kamusi hulitaja kama pendekezo. Mwandishi wa kabrasha alikuwa akihangaika na jumbo huku neno lenye madai ya maana zaidi ya Kiswahili likimpita ubavuni.

Kikao cha Njiro

Tulikutana ofisini kwao Njiro: bosi, mkufunzi mzee aliyeandaa kabrasha, kijana, na mimi. Kijana alinipokea mlangoni, "Shikamoo mwalimu," akanivutia kiti kilicho mbali na mzee, kisha naye akakaa mbali zaidi.

Mzee hakuwa mkali, alikuwa amechoka. "Mwalimu," akaniambia, "haya nimeyafundisha tangu enzi za Land Rover za turubai. Mgeni anataka kufurahi." Bosi naye akaongeza, "Na hakulipa hela zote zile aje asomewe kamusi." Hoja zao ni za kweli, na anayezipuuza hajawahi kusimama juani na watu saba wenye njaa. Nilichowauliza ni kimoja: yule mama alifurahi? Bosi akaifungua fomu yake tena. Alichokuwa ameandika chini, baada ya lile lalamiko, ni kwamba angependa kujua boma lilitoka wapi hasa. Yaani alikuwa anataka hadithi ileile, ila iliyo kweli.

Kwa maoni yangu makabrasha ya aina hii huzaliwa na fahari. Mtu amefundishwa miaka yote kwamba Kiingereza ndicho chenye kutoa na Kiswahili ndicho cha kupokea, shati, baiskeli, benki. Siku moja anagundua kwamba "safari" limekwenda upande wa pili, anataka yawe mengi. Namwelewa. Lakini Kiingereza ni lugha ya mikopo tangu zamani, zaidi ya nusu ya msamiati wake umetoka Kilatini na Kifaransa, na hakioni haya kulisema. Kukidai deni lisilokuwapo hakutupunguzii lolote wala hakukiongezei aibu. Na yale tuliyokipa kweli yapo yameandikwa: "safari", "boma", "askari", "bwana", na mwaka 2022 kamusi kubwa ya Oxford iliingiza kundi zima la maneno ya Kiingereza cha Afrika Mashariki, "nyama choma" na "asante sana" yakiwamo. Madini ya Mererani, yaliyogunduliwa mwaka 1967, yaliitwa "tanzanite" na kampuni ya Tiffany mwaka 1968, na ndani ya neno hilo la kibiashara zimekaa Tanganyika na Zanzibar. Mgeni atalikuta dukani mtaa wa tatu kutoka pale pale Boma, akiwa ameshika kikokotoo.

Tulichokubaliana ni kufuta mshale. Kila mstari sasa una neno, limepitia wapi, na lilionekana lini katika Kiingereza. Lisilo na njia linatoka. Nikawaongezea maneno ambayo wao huyatamka kutwa na hawajawahi kuulizana: "wildebeest", "eland", "aardvark" na "trek", ambayo Waingereza waliyaokota kwa Waholanzi na Makaburu wa Afrika Kusini. "Eland" kwa Kiholanzi ni mnyama wa baridi wa Ulaya mwenye mapembe mapana. Wahamiaji walimwona pofu wakamsingizia jina hilo. Aliyefurahishwa zaidi na sehemu hii alikuwa kijana. Ile miamba ya Serengeti ambayo simba hupenda kuilalia, "kopje", alikuwa akidhani ni neno la Kiingereza linaloandikwa vibaya. Ni kichwa kidogo, kwa Kiholanzi.

Kwa "jumbo" hatukumalizana. Mzee alitaka libaki, wageni hulicheka. Mimi nilitaka litoke. Kijana ndiye aliyekuja na njia: libaki kama swali. Awaulize wageni wanadhani ni la wapi, wakishasema Kiswahili, kama wasemavyo wote, awasimulie juu ya tembo wa London na ule mwaka 1823. Mzee akachukua kalamu, akafuta "usiharakishe" na kuandika "uliza kwanza".

Kuhusu boma, kijana alijitungia maelezo mapya hapo hapo na kuyajaribu kwetu. Nayafasiri: "Neno hili ni kongwe kuliko jengo hili. Maana yake ni uzio. Stanley aliliandika mwaka 1878, Wajerumani walilikuta wakalitumia, Waingereza walikuja baadaye wakalirithi pamoja na funguo." Ni chini ya nusu dakika. Bosi aliuliza kama kuna cha kuongeza, nikasema kipo, ila kinahitaji Bomang'ombe, na wageni wengi wanaotoka uwanja wa ndege wa KIA kwenda Moshi hupita hapo wakiwa wamelala.

Kabrasha jipya limeanza kutumika msimu huu. Sasa bosi anataka la majina ya ndege, akianzia na "flamingo", ambalo ameambiwa ni la Kimaasai. Ni la Kireno au Kihispania. Nimemwambia bei ni ileile.